Hofu Peke Yake Si Hesabu

Wako wataalamu wa hesabu za maradhi waaminio kwamba mtu wakati wa ugonjwa ni kama mbuzi aonaye chui: hofu ikizidi hukimbia, ikipungua hurudi malishoni. Imani hiyo imekwisha ingia katika milinganyo yao, nayo yafaa ipingwe kabla haijawa kanuni ya kutawalia watu.

Asili ya hesabu hizi ni njema. Mwaka 1927 Kermack na McKendrick waliwagawa watu mafungu matatu: wawezao kuambukizwa, walioambukizwa, na waliokwisha pona au kufa. Katika sura yake nyepesi, ambayo ndiyo hufundishwa kwanza, kukutana kwa watu hakubadiliki. Aliyefiwa leo huenda sokoni kama jana. Baadaye kasoro hiyo ilionekana, kikaongezwa kipimo kingine: vifo vikizidi, watu hupunguza kukutana. Hapo ndipo hofu ilipopewa kiti.

Tutazame Ebola ya Afrika Magharibi. Septemba 2014 kituo cha Marekani cha kudhibiti maradhi kilikadiria kuwa wagonjwa wa Liberia na Sierra Leone wangeweza kufika 1,400,000 kwa tarehe 20 Januari 2015, kama misaada haitaongezwa wala watu hawatabadili mwenendo. Sharti hilo liliandikwa wazi, na si haki kuwacheka walioliandika. Lakini mpaka mwisho wa janga, wagonjwa waliohesabiwa katika nchi hizo mbili pamoja na Guinea walikuwa 28,600 na kitu, na waliokufa zaidi ya 11,300. Misaada ilikuja, tena ilifaa. Hata hivyo huko Liberia maambukizi yalianza kushuka kabla vituo vingi vya matibabu vilivyojengwa na Wamarekani havijafunguliwa. Mwenendo, uliotajwa kwa neno moja tu, ulikuwa na uzito mkubwa.

Je, ni hofu iliyoubadili? Hofu ilikuwako tangu mwanzo, nayo ilificha wagonjwa ikazika maiti kwa siri. Agosti 2014 serikali ya Liberia iliuzingira kwa askari mtaa wa West Point, Monrovia. Wakazi wakapambana nao, kijana mmoja akapigwa risasi akafa, na baada ya siku kama kumi mzingiro ukaondolewa. Amri ya kuchoma maiti nayo ikazidisha kuficha wafu. Hofu iliyotarajiwa kuwatenga watu na maradhi iliwatenga na waganga!

Paul Richards, katika kitabu chake cha mwaka 2016 juu ya janga hilo, ashikilia kwamba wanavijiji walijifunza wenyewe, kwa kutazama na kufikiri, jinsi ugonjwa upitavyo kwa wauguzaji na waosha maiti. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa mazishi salama yenye heshima: jamaa washirikishwe, dua isomwe, maiti wa Kiislamu aweze kufanyiwa tayamamu badala ya kuoshwa. Mlinganyo gani wa hofu ungaliweza kubuni tayamamu?

Watajibu kwamba makubaliano hayapimiki. Na hofu waliipima kwa mizani gani? Waende wakahesabu ni siku ngapi hupita tangu imamu au mzee wa kijiji aulizwe shauri mpaka jamaa wakubali kumtoa maiti wao. Siku hizo zahesabika.