Mapenzi ya Timu Isiyoshinda

Nina jirani ambaye kwa miaka kumi niliyomfahamu amebadilisha timu mara tatu. Nilipohamia mtaani alikuwa mtu wa Arsenal, na jezi yake nyekundu ndiyo iliyokuwa vazi la Jumapili. Mambo yalipoharibika huko akahamia Chelsea. Juzi nimemkuta dukani akinunua maziwa huku amevaa jezi ya Manchester City. Nilipomtania alinijibu bila haya: "Jirani, kwa nini nitoe pesa zangu ili nikaumizwe roho?"

Nilicheka, lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani. Kwa hakika, kwa nini mtu atoe pesa, wakati na usingizi wake kwa ajili ya timu inayoshindwa? Jibu nimelipata mbali, katika mji wa Falkirk huko Uskoti, na leo nataka tuende sote tukalitazame.

Wengi wetu tuliijua soka ya Uskoti kwa sababu ya Victor Wanyama, kijana wetu aliyeichezea Celtic kati ya 2011 na 2013, na ambaye Novemba 2012 aliifunga Barcelona bao la kichwa. Tangu Aberdeen walipotwaa ubingwa mwaka 1985, kwa miaka 40 iliyofuata hakuna timu nyingine iliyouchukua isipokuwa Celtic na Rangers. Hao ndio wakubwa. Lakini kila mlima una bonde lake, na mwaka 2003 ngazi kuu za soka ya huko zilikuwa na timu 42 zilizopangwa katika madaraja manne. Timu ya 42, ya mwisho kabisa, iliitwa East Stirlingshire. Wenyewe huiita Shire tu.

Hebu jifanye kwamba wewe ni shabiki wa Shire katika msimu wa 2003-04. Jezi yako ni nyeusi na nyeupe. Uwanja wako ni Firs Park, kiwanja kidogo ambacho timu yako imekitumia tangu 1921, na siku ya mechi mnahesabika kwa mamia, si kwa maelfu. Kipa akikosea mnaweza kumwita kwa jina naye akawasikia. Mji huo huo una timu nyingine kubwa zaidi, Falkirk, na huko ndiko wanakokwenda wenzako wengi wa kazini. Wewe Jumamosi saa tisa alasiri unaelekea Firs Park.

Wachezaji wako si watu wa magari ya fahari. Klabu inawalipa pauni 10 kwa juma. Naam, pauni kumi, pesa ambazo nyota wa Ligi Kuu ya Uingereza hawezi hata kuinama kuziokota. Kwa hiyo hawa ni watu wenye kazi zao nyingine, na mpira ni jambo la jioni na Jumamosi. Unapowazomea, na utawazomea tu, unamzomea mtu ambaye Jumatatu ataamka mapema kama wewe kwenda kutafuta riziki.

Mwezi wa Agosti mambo ni mazuri, kwa maana kila timu ina sufuri. Unaambiana na wenzako kwamba mwaka jana tulishika mkia lakini mwaka huu mambo yatabadilika. Ligi ina timu kumi, na kila moja inakutana na nyingine mara nne, jumla mechi 36. Mnapata sare, mnapata ushindi. Mwezi wa Novemba unaingia, na hapo ndipo masaibu yanapoanza. Mnafungwa. Juma linalofuata mnafungwa tena. Krismasi inapita, mwaka mpya unaingia, bado mnafungwa.

Ndugu msomaji, baridi ya Januari huko si kama baridi ya Limuru. Jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, taa za uwanja zinawashwa kungali mapema, na mara nyingine unafika langoni ukaambiwa kwamba mwamuzi amepima nyasi akakuta zimeganda kama jiwe, mechi haipo. Unarudi nyumbani bila mpira. Mkeo akikuuliza mambo yamekuwaje, unamjibu kwamba leo angalau hatukufungwa.

Na kuna safari. Timu ya Stranraer iko pwani ya kusini-magharibi. Peterhead ni bandari ya wavuvi upande wa kaskazini-mashariki, na Elgin nayo iko kaskazini kabisa. Unaondoka asubuhi, unasafiri saa kadhaa, unakula pai ya nyama na kunywa mchuzi wa moto ukiwa umesimama, timu yako inatandikwa, kisha unasafiri saa hizo hizo kurudi kwako gizani. Jirani yangu angekuwa ameshabadilisha jezi kabla ya basi kufika nusu ya njia.

Mkumbuke pia kwamba wakati huo hapakuwa na daraja la chini la kuteremka. Timu ya mwisho ilibaki pale pale ilipo. Shabiki hakuwa na hata ile hofu ya kushuka ambayo huwafanya watu kukazana siku za mwisho. Kulikuwa na kufungwa tu, na Jumamosi nyingine ya kufungwa. Zaidi ya mechi 20 zilipita hivyo, moja baada ya nyingine, bila pointi hata moja.

Ikafika mwezi wa Mei 2004, mechi ya mwisho, nyumbani, dhidi ya Elgin City. Shire wakashinda.

Hesabu ya msimu ikasomeka hivi: mechi 36, ushindi 2, sare 2, kushindwa 32. Mabao ya kufunga 30, ya kufungwa 118. Pointi 8. Kwa anayesoma gazeti akiwa mbali hicho ni kichekesho. Lakini mfikirie yule aliyekuwapo Januari kwenye giza, aliyekwenda Stranraer na kurudi, kisha akauona ushindi ule wa siku ya mwisho. Furaha yake huwezi kuinunua dukani pamoja na jezi. Yule shabiki wa Celtic ambaye ubingwa kwake ni kama chai ya asubuhi hawezi kuijua. Anayeijua njaa ndiye anayeujua utamu wa ugali.

Sasa utaniuliza, je, hilo ndilo jibu la swali la jirani? Tuteseke ili siku moja tufurahi? La hasha. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, lakini mashabiki wa Shire walivumilia na mbivu haikuonekana. Timu yao ilishika mkia misimu mitano mfululizo, kuanzia 2002-03 hadi 2006-07. Mtu anayengoja malipo hangoji miaka mitano. Kuna jambo jingine, na ili tulione ni lazima turudi nyuma kidogo katika historia ya klabu hiyo.

Mwaka 1963 Shire walipanda hadi daraja la kwanza, wakashuka mwaka mmoja tu baadaye. Ndugu wawili wa ukoo wa Steedman, waliokuwa wakiiongoza klabu, waliona kwamba Falkirk si mahali pa biashara. Mwaka 1964 wakaiunganisha na klabu ya mji wa Clydebank, wakaihamishia huko ukingoni mwa mto Clyde, ikaitwa E.S. Clydebank. Kwa msimu mzima watu wa Firs Park walikuwa na uwanja lakini hawana timu. Je, walikaa wakalia? Wenye hisa waliobaki walikwenda mahakamani, na mwaka 1965 wakaipata timu yao, ikarudi nyumbani. Hawakupigania kombe, kwa maana halikuwapo. Walipigania kitu chao.

Na mahali hapo padogo palizaa kikubwa. Mwaka 1974 klabu hiyo ilimwajiri kijana wa miaka 32 ambaye hajawahi kuwa meneja popote. Mshahara wake ulikuwa pauni 40 kwa juma, na alipofika alikuta wachezaji wanane, bila kipa hata mmoja. Alikaa miezi michache tu, kabla ya kuchukuliwa na St Mirren mwezi wa Oktoba. Kijana huyo aliitwa Alex Ferguson. Nyinyi mashabiki wa Manchester United mnaojivunia ubingwa wake mara 13, fahamuni kwamba mzee wenu alianzia kwa hawa wa mkiani.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa jirani zao katika ligi ile ile ya 2003-04. Katika jedwali hilo mlikuwamo na Gretna, timu ya kijiji cha watu elfu tatu hivi, kwenye mpaka wa Uskoti na Uingereza. Gretna walipata tajiri, Brooks Mileson, aliyewamwagia pesa. Wakapanda daraja mwaka 2005, wakapanda 2006, wakapanda 2007 hadi ligi kuu. Mwaka 2006 walifika fainali ya Kombe la Uskoti, wakatolewa na Hearts kwa mikwaju ya penalti tu. Fikiria wewe ni shabiki wa Shire unayasoma hayo huku umefungwa kila juma. Je, usingetamani?

Halafu mwaka 2008 tajiri akaugua na pesa zikakatika. Klabu iliyokuwa ligi kuu ikafilisika na kufa mwaka huo huo, na Mileson mwenyewe akafariki mwezi wa Novemba. Waliozika na waliofufua walikuwa ni wale wale: mashabiki wachache waliobaki waliunda klabu mpya na kuanza tena kutoka chini.

Na Shire? Mwaka huo huo wa 2008, baada ya miaka mitano ya mkia, walimaliza msimu wakiwa juu ya Forfar Athletic. Mechi yao ya mwisho katika Firs Park waliifunga Montrose 3-1, wakauaga uwanja wao wa miaka 87. Walihama, wakawa wapangaji katika uwanja wa majirani zao Stenhousemuir. Mwaka 2009 na tena 2010 walimaliza wa tatu. Kisha wakadorora upya, na mwaka 2016 wakashindwa na Edinburgh City katika mchujo, wakawa klabu ya kwanza kutolewa kwa njia hiyo katika madaraja manne ya juu, ambako walikuwa wamekaa miaka mingi. Walishuka hadi ligi ya nyanda za chini. Lakini hawakufa.

Hapo, msomaji, ndipo nilipopata jibu. Jirani yangu anadhani timu ni kama duka: ukiuziwa unga mbovu unahamia duka la pili. Kwa timu ya televisheni huenda ana haki, maana Manchester City haitajua kwamba yeye ameondoka. Lakini Firs Park mtu mmoja akikosa alionekana kwamba amekosa. Timu ile ilikuwa hai kwa sababu watu mia mbili tatu waliamka Jumamosi wakavaa makoti. Wangengoja ishinde kwanza ndipo waje, isingekuwapo ya kushinda. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na methali hiyo haikusema lolote kuhusu jedwali la ligi.

Sisemi mtu auze kuku wa nyumbani apate nauli ya kwenda uwanjani. Wala sisemi shabiki anyamaze uongozi unapoharibu mambo. Watu wa Shire walinung'unika, walizomea, na mababu zao walishtaki. Kupenda si kufumba macho. Baba anayerudi Jumamosi jioni na kumgombeza mama watoto kwa sababu mshambuliaji amekosa penalti, huyo hapendi mpira, ana maradhi mengine. Lakini baba anayefungwa Jumamosi, akaingia nyumbani akala na wanawe, na Jumamosi iliyofuata akamshika mwanawe mkono wakaenda tena, huyo anafundisha jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha shule. Siku mambo yatakapomwendea vibaya, katika mtihani, kazini au katika ndoa yake, mtoto huyo atakuwa ameshaona kwa macho yake namna mtu anavyobaki.

Tuna timu zetu mitaani. Zinacheza kwenye viwanja vya vumbi, zinafungwa, na wanaozitazama ni watoto na mama anayeuza mahindi. Jumamosi ijayo nimepanga kwenda kuitazama moja. Nimemwalika na jirani yangu. Amesema atafikiria, ila kwanza ameuliza kama huwa inashinda.

Sikumjibu. Nimemwambia avae koti, huenda mvua ikanyesha.

Tukutane Jumapili ijayo.