"Zitaingia Tu" Si Kipimo

Wacha niseme wazi: rimu nyingi kali tunazopiga nazo picha hapa Isiolo hazikufaa kuwa kwenye yale magari. Zimelazimishwa. Na gari linalolazimishwa zaidi ni lile tunalolipenda zaidi, gari kuukuu linalofunuka juu.

Najua kuna mtu ashacheka. Gari la kufunua paa, Isiolo, na hili vumbi? Tunayo, maze, ni vile tu hatuyaiti kwa jina la kifahari. Land Rover ya zamani yenye turubai ni gari la kufunuka. Suzuki Sierra, ile fupi ya kutoa hema ubaki na vyuma, hiyo pia. Na mara moja moja kuna msee anapanda kutoka Nairobi na Mazda MX-5 ya miaka ya 1990, watoto wanaikimbilia utadhani ni ndege imetua.

Shida ya hizi gari ni kwamba hakuna zingine zinakuja. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8, kwa hivyo zilizoko ndizo hizo hizo. Rimu ikipinda au ikipasuka, unaanza kuzunguka: Grogan, Meru, Nanyuki, kwa gari lililokufa nyuma ya nyumba ya mtu. Ukipata inayokaribiana, muuzaji anakwambia "hii itaingia tu." Hiyo sentensi ndiyo naipinga leo.

Kitu cha kwanza ni stadi na duara lake. Land Rover za zamani zina stadi 5 kwenye duara la milimita 165.1. Suzuki Sierra pia ina 5, lakini duara ni 139.7. Land Cruiser za kitambo zina duara hilo hilo la 139.7, lakini stadi 6. Kwa macho zote ni "rimu ya 4x4." Kwa chuma ni gari tatu tofauti. Kama una stadi 5 na hujui duara, pima kutoka katikati ya stadi moja hadi katikati ya ile isiyo jirani yake, halafu gawa kwa 0.951. Ukipata kama 157 kwenye rula, hiyo ni Land Rover. Simu yako ina kikokotoo, si ya TikTok pekee.

Cha pili ni tundu la katikati, na hapa ndipo wajuaji huanguka. MX-5 ya kwanza, ile iliyotengenezwa 1989 hadi 1997, ina stadi 4 kwenye duara la 100, na tundu la 54.1. Probox ni vivyo hivyo. Kumbe gari la miraa na gari la mapenzi wanaweza kuazimana! Sasa leta BMW E30 ya kufunuka: stadi 4, duara 100, lakini kitovu chake ni 57.1. Rimu ya Probox haiingii pale mpaka mtu aikwangue tundu. Ukigeuza, rimu ya E30 kwenye MX-5 inaingia lakini inaning'inia kwenye nati peke yake, na usukani unaanza kutetemeka ukishika kasi. Dawa yake ni pete ya kujaza ile nafasi. Ni kitu kidogo sana, lakini nani huuliza?

Cha tatu ni ile namba iliyopigwa chapa ndani ya rimu, ET. MX-5 hiyo ilitoka kiwandani na ET45. Ukiweka ET20, gurudumu linatoka nje milimita 25 zaidi, hata kabla hujaongeza upana. Linapendeza, eeh. Pia linagusa fenda ukibeba watu, na beringi inabeba mzigo kwa pembe ambayo haikuundiwa.

Cha nne ni kimo cha gurudumu zima. MX-5 ilikuja na tairi 185/60 R14, kimo karibu milimita 578. Ukiweka 195/50 R15 unapata 576, safi kabisa. Ukitaka ukubwa wa kuonekana uweke 215/45 R17, unafika 625. Spidi mita ikikwambia 80, wewe uko karibu 87. Tena gari lisilo na paa la chuma bodi yake hujipinda kirahisi, kwa hivyo rimu kubwa nzito yenye tairi jembamba inakupigia kila shimo hadi kwenye meno.

Cha mwisho ni nati. Rimu nyingi za aloi za Toyota hutumia nati yenye washa bapa, nyingine nyingi hutaka ya koni. Ukichanganya, nati inakazwa leo na kulegea kesho.

Sasa mtasema mimi ni nani, niliacha chuo, naongea hesabu. Hii si hesabu ya chuo. Ni kuzidisha na kugawa. Na siwalaumu mafundi wa jua kali, maana wengi wanajua haya yote kuniliko. Ukimwambia fundi "toboa matundu mapya, nataka hizi hizi," yeye ana watoto wa kulisha, atatoboa. Mwenye kulazimisha ni sisi wenye simu.

Na kuna wanaosema rimu sahihi ni ghali. Ni kweli. Lakini rimu ya chuma ya kawaida inayokaa sawa, ikipakwa rangi vizuri, ni rahisi kuliko seti ya kung'aa ya kukwanguliwa na kuongezewa spesa. Pesa ikibaki, weka kwenye tairi. Angalia tarakimu 4 za mwisho za DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa juani miaka mingi si dili, hata kama meno yako bado mazima.

Mbona nakazana hivi? Kwa sababu lami yetu imenyooka kwenda Archer's Post, Marsabit hadi Moyale, na barabara iliyonyooka inatamanisha mguu. Ngamia wanavuka wakitaka. Ukikanyaga breki ghafla na gurudumu limeshikwa na stadi zilizotobolewa upya, kwenye gari lisilo na paa, wale marafiki 3 uliowabeba nyuma wakiimba hawana chochote juu ya vichwa vyao.

Kwa hivyo kabla hujatuma M-Pesa, muulize muuzaji: duara ngapi, tundu ngapi, ET ngapi? Akijibu "itaingia tu," rudisha simu mfukoni.