Apolo Alikubali Kufundishwa, Sisi Je?

Tunajidanganya, wapendwa. Tunafungua Biblia kutafuta mstari wa kumnyamazisha jirani, kisha ushindi huo tunauita hekima. Apolo wa Iskanderia aliyajua Maandiko kuliko wengi wetu, tena alikuwa msemaji hodari. Lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Huko Efeso, Prisila na Akila, mafundi wa mahema, walimchukua wakamfundisha zaidi. Matendo 18 haisemi kwamba alibisha. Inasema alikwenda Akaya, akawa msaada kwa waumini.

Sisi, mama wa jumuiya akitusahihisha, tunauliza amesoma chuo gani. Tusiseme tunalinda imani. Tunalinda viti vyetu. Waberoya nao walichunguza waliyoambiwa, lakini waliyapokea kwanza. Asiyekubali kufundishwa ameifunga Biblia, hata ikiwa wazi mikononi mwake.