Mbio tunaziweza, baiskeli tunaijua. Nani atatufunza kuogelea?

Wewe kijana wa Meru au Embu, ukiambiwa ukimbie kilomita tano hutauliza maswali mengi. Utauliza tu ni lini, na kama kuna fulana ya bure. Ukiambiwa uendeshe baiskeli kilomita 20, utalalamikia vilima kidogo kisha uanze kutafuta rafiki wa kukuazima baiskeli. Lakini ukiambiwa kwamba kabla ya hayo yote ni lazima uogelee mita 750, hapo ndipo tunasikia, "Zii, hiyo wachia watu wa Mombasa."

Hiyo ndiyo triathloni fupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, mbio kilomita tano. Yote kwa mfululizo, na saa inaendelea kuhesabu hata ukiwa umechuchumaa ukifunga kamba za viatu. Mchezo huu ulianza San Diego, Marekani, mwaka wa 1974, ukaingia Olimpiki jijini Sydney mwaka wa 2000. Ile ya Olimpiki ni kilomita 1.5 majini, 40 kwa baiskeli na 10 kwa miguu, kwa hivyo hii fupi ni nusu yake. Imewafaa sana watu wa kawaida, wale wenye kazi, masomo au biashara, wanaofanya mazoezi asubuhi kabla ya kukimbilia matatu.

Kwa maoni yetu, kijana wa huku akitaka kuingia mchezo huu, kinachomzuia si uvivu wala ukosefu wa kipaji. Kinachomzuia ni maji. Na suala la maji si la michezo pekee.

Tuanze na tulicho nacho. Miji yetu iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, mapafu yamezoea kazi. Tangu mwaka wa 2000, mbio za Lewa huandaliwa hapa hapa Kaunti ya Meru, wakimbiaji wakipita katikati ya hifadhi yenye vifaru na ndovu huku askari wa wanyamapori na helikopta zikilinda njia. Watu husafiri kutoka ng'ambo kuja kukimbia kwenye vumbi letu. Kwa hivyo mtu asikudanganye kwamba michezo ya watu wasiolipwa, wanaoshindana kwa kupenda tu, ni kitu kigeni huku kwetu.

Upande wa baiskeli pia hatuko vibaya. Si lazima uwe na ile ya bei ya gari. Katika mashindano mengi ya wanaoanza, baiskeli ya mlimani ya mtumba inakubaliwa bora breki zifanye kazi. Kitu kisicho na mjadala ni helmeti: sharti uivae na kuifunga kabla hujaigusa baiskeli, la sivyo unaadhibiwa. Sheria hiyo ibebe hata kwenye mazoezi. Barabara kuu ya Embu kwenda Meru, kupitia Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu, ni nzuri kwa macho lakini haina huruma. Daraja la Nithi tunalijua. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Mazoezi yafanyie barabara za ndani, kule kwenye kahawa na majani chai, asubuhi kukiwa na mwangaza, na mkiwa kikundi.

Sasa maji. Mita 750 ni mizunguko 15 ya kwenda na kurudi kwenye kidimbwi cha mita 25. Kwa mtu aliyefunzwa, hiyo ni robo saa hivi, au dakika 20 akienda polepole. Kwa ambaye hajafunzwa, hata mita 10 ni safari ya mbali. Na utafunzwa wapi? Mto Kathita na Rupingazi ni maji baridi ya mlimani yenye mawe na mikondo. Ukishuka Mbeere kuna mabwawa makubwa ya mto Tana, Kindaruma, Masinga na mengine, lakini yalijengwa kwa ajili ya umeme, na mamba na viboko hawajui kwamba wewe uko kwa mazoezi. Tafadhali usijaribu.

Vinabaki vidimbwi vya hoteli na vya shule za kibinafsi. Vya hoteli unalipa kila ukiingia. Ukitaka kuzoea maji unahitaji kuingia mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi. Fanya hesabu hiyo ukiwa kibarua, ama mwanafunzi wa chuo anayesubiri HELB. Matokeo yake ni kwamba kuogelea kumekuwa alama ya tabaka. Mtoto wa mwenye uwezo anafunzwa akiwa na miaka mitano, na wewe wa Majengo au Makutano unafika miaka 25 ukipiga picha kando ya kidimbwi, miguu tu ndani.

Mtu atasema, hiyo ni shida ndogo. Si ndogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka wa 2021. Karibu nusu yao walikuwa chini ya umri wa miaka 30. Wengi mno walitoka nchi maskini na za kipato cha kati, yaani nchi kama yetu. Umoja wa Mataifa umetenga Julai 25 kila mwaka kuwa siku ya kuhamasisha watu kuhusu vifo hivi. Ni mtu yule yule: anayeshindwa kuingia triathloni kwa sababu hajui kuogelea ndiye anayezama akivuka mto uliofurika Aprili, ama akiruka kwenye timbo lililojaa maji wakati wa likizo.

Kwa hivyo swali hili tunalielekeza kwa serikali za kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaziachia kaunti kazi ya michezo na vifaa vyake. Mtaala wa CBC umeweka kuogelea miongoni mwa mada za watoto wadogo, lakini mwalimu wa shule ya umma atafunza nini kama maji ya karibu ni ya tangi? Uwanja wa Kinoru ulikarabatiwa, na mwaka wa 2018 sherehe za Madaraka zikafanyika hapo. Mwaka wa 2023 ikawa zamu ya Embu, Uwanja wa Moi. Rais akija, pesa za viti na nyasi hupatikana. Ni lini umesikia kiongozi wa huku akiahidi kidimbwi cha umma, chenye mwalimu na mwokoaji, ambacho mtoto wa shule ya msingi ataingia bila malipo?

Tunajua jibu litakalokuja: hospitali hazina dawa, ninyi mnaongelea kuogelea? Ni hoja nzito na hatuikatai. Dawa zije kwanza. Lakini hatuombi kasri. Tunaomba kidimbwi kimoja cha mita 25 kwa kila kaunti, shule zikitumie kwa zamu asubuhi, vijana jioni, na wenye uwezo walipe kitu kidogo wikendi ili maji yasafishwe. Kitu kinachomfunza mtoto asife maji ni afya pia. Tofauti ni kwamba manufaa yake hayaonekani kwenye foleni ya hospitali, kwa sababu mtoto yule hakufika huko.

Na tusijidanganye kwamba mchezo huu ni wa nchi tajiri tu. Rwanda haina bahari, lakini Agosti 2022 mji wa Rubavu ulitumia Ziwa Kivu kuandaa Ironman 70.3, ya kwanza Afrika Mashariki: kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21 za mbio. Miaka mitatu baadaye Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Na dhahabu ya kwanza ya Bermuda katika historia ya Olimpiki ililetwa na mwanatriathloni, Flora Duffy, katika michezo ya Tokyo. Kisiwa kizima hakina watu wa kujaza hata kaunti ndogo mbili za Meru.

Wakati tukisubiri serikali, wewe unaweza kuanza. Tafuteni watu watano au sita, mwende hotelini siku ya kazi wakati kidimbwi hakina watu, muombe bei ya kikundi na mchangie mwalimu mmoja. Wiki za kwanza usifikirie mita. Jifunze kutoa pumzi uso ukiwa ndani ya maji, kisha kuelea, kisha kupiga miguu. Kuanza ukiwa na miaka 23 si aibu. Na ujue sheria ziko upande wako: kwenye triathloni unaruhusiwa kuogelea kwa mtindo wowote, na ukichoka unaweza kushika boya au mashua iliyosimama upumzike, bora usijivute kwenda mbele. Jambo moja tu tunakusihi. Usiingie majini peke yako, hata siku moja, hata ukijiona umeiva.

Kisha fuata upande wa pili. Kila mwaka, kufikia Septemba 1, serikali ya kaunti hupaswa kuwasilisha kwa bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kabla ya hapo kuna vikao vya kukusanya maoni ya umma, vile ambavyo vijana hatuendi kwa sababu tunadhani ni vya wazee na chai. Tukikosa, wengine hutuamulia. Nendeni mkiwa kikundi kile kile cha kidimbwini. Andikeni ukurasa mmoja: kidimbwi kijengwe wadi gani, shule zipi ziko karibu, nani atakisimamia. Mkabidhi karani, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Mwakilishi wenu wa wadi akija kuomba kura mwaka wa 2027, mtoe nakala hiyo mumuulize aliifanyia nini.