Mtandamboo Una Kosa Gani?

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo wazee. Katika bustani zetu mambo yamekuwa kinyume: mgeni amekuja, na mwenyeji amekatwa kwa panga. Mwenyeji nimtajaye ni mtandamboo, ambao Wakikuyu na Wakamba huuita mukawa, Wajaluo ochuoga, na Wamasai olamuriaki. Msomaji, ikiwa huujui kwa jina hata moja kati ya hayo, lawama si yako. Ni yetu sisi tuliokulea na kukufundisha.

Mtandamboo ni kichaka cha miiba, chenye majani mabichi mwaka mzima. Maua yake ni meupe, yenye wekundu kidogo kwa nje, na harufu yake nzuri huwaita nyuki. Matunda ni madogo, hayazidi sana ncha ya kidole. Huwa ya kijani, yakageuka mekundu, kisha yakaiva kwa zambarau iliyokaribia weusi, na hapo ndipo yawapo matamu. Wachungaji wa vizazi vingi wametulizia njaa kwayo, na mizizi yake hutiwa katika supu ya nyama hata leo. Katika jina lake la kisayansi lililozoeleka, Carissa edulis, neno la pili ni la Kilatini, na maana yake ni kitu kiliwacho. Wataalamu wa ng'ambo waliona faida yake. Sisi twauita pori.

Nami ni mshitakiwa katika neno hili. Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, mkuu wa shule alitazamia wageni, akaamuru mitandamboo iliyokuwa nyuma ya madarasa ifyekwe, mahali papendeze. Niliwasimamia wanafunzi kwa bidii. Siku chache baadaye nilikuwa nikipanda bugenvilia mahali pale pale, akapita bibi kizee mmoja, akauliza, "Mwalimu, ule mti ulikuwa na kosa gani?" Nikamjibu, "Miiba, nyanya." Akavitazama vijiti vya bugenvilia mkononi mwangu, akaenda zake.

Nilikuja kumwelewa nilipochomwa. Bugenvilia nayo ina miiba! Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1767, huko Rio de Janeiro, iligunduliwa na Commerson, mtaalamu wa mimea aliyesafiri na nahodha Bougainville wa Ufaransa, ikapewa jina la nahodha huyo. Sikatai kwamba inapendeza. Lakini haimpi mtoto tunda hata moja, na mwiba wake hausemi samahani. Lantana, mgeni mwingine kutoka Amerika, ni mbaya zaidi: ilipandwa kwa ajili ya maua, ikatoroka bustanini, ikavamia malisho, na ng'ombe aulaye majani yake hudhurika ini.

Wako wasemao, "Kwa nini niupande uani kitu kiotacho bure porini?" Nawauliza, pori lipi? Ardhi imegawanywa, ikalimwa, ikazungushwa seng'enge. Vichaka vimekwisha kwa makaa. Mahali ambapo baba yako alichuma matunda akienda shule, wewe wapita katikati ya waya mbili. Tusipoupanda mlangoni, tutausoma vitabuni tu. Wengine husema kwamba hukua polepole. Hilo ni kweli, wala sitakudanganya.

Tena kuna hatari ambayo watu hawaifikirii. Mtandamboo una ndugu yake, mti ambao wawindaji walichemsha magome na kuni zake wapate sumu ya mishale. Maua yao hufanana, na matunda ya wote wawili huiva kwa weusi wa zambarau. Mtandamboo una miiba. Ndugu yake hana. Mtoto aliyekua na mtandamboo nyumbani hawezi kukosea. Mtoto aliyenyimwa elimu hiyo atatofautishaje? Kwa hiyo usile tunda la porini kabla hujaonyeshwa na mtu mzima aujuaye mti wenyewe.

Ukitaka kupanda, chukua matunda yaliyoiva kabisa, uondoe nyama yake, uoshe mbegu, na uzisie mapema, kwa kuwa zikikaa sana hupoteza nguvu ya kuota. Mvua ndefu zianzapo, hamisha miche ukingoni mwa kiwanja, hatua moja baina ya mche na mche. Ikatie iwe ua, lakini acha mmoja au miwili isikatwe, ipate kuzaa vizuri. Ilinde na mbuzi, maana wayapenda majani yake kuliko wewe utakavyoyapenda matunda.

Mimi ninayo mitatu nyuma ya jiko. Mmoja uliliwa na mbuzi wa jirani mpaka chini, ukachipua tena. Watoto wa jirani huyo huyo hupita asubuhi kutazama kama matunda yamekwisha kuwa meusi, nami huwaambia wangoje, kwa kuwa yakiwa mabichi yana utomvu unaonata midomoni.