Anayejua pori apewe karatasi yake

Kila muchimbaji wa Mongbwalu, wa Djugu ao wa Mambasa anajua hii: mwenye kujua udongo, haiko yeye anakula mingi. Mutu anashuka ndani ya shimo, anasoma jiwe kwa macho na kwa nyundo, anajua hapa mushipa unapita na pale unakufa. Kisha zahabu inatoka, inapimwa kwa mizani ya mungine, inauzwa na yule mwenye karatasi. Tangu zahabu ionekane kule Kilo mwaka 1903, karatasi njo imekula kupita jembe.

Nasema hivi juu kuna kazi ingine hapa Ituri ambayo inaweza kufuata njia ileile mbaya, kama hatuangalie mapema. Ni kazi ya gide, yule anayeongoza watalii porini.

Najua jibu litakalokuja. "Watalii gani? Watu wanauawa kwenye barabara ya Komanda, na wewe unatuletea habari ya bazungu wenye kupiga nyama picha?" Ni swali la haki. Tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Na mbele ya hapo, tarehe 24 Juni 2012, watu wenye silaha walivamia Epulu, makao makuu ya Hifadhi ya Okapi. Waliua watu, walichoma nyumba, na okapi 14 waliokuwa wanachungwa pale walikufa wote. Hakuna mwenye akili atasema watalii watashuka Bunia kesho.

Lakini gide hatengenezwe kwa siku moja. Njo maana mafunzo hayawezi kungoja amani. Anayeanza kufundisha siku ndege ya watalii inatua, amechelewa: kazi itakuwa imekwisha kuchukuliwa na watu wa kutoka mbali, wenye kushika karatasi tayari.

Tuangalie kusini. Kule Afrika ya Kusini magide wako na chama chao tangu mwaka 1990, chenye vyeo na mitihani. Mwanafunzi anajifunza nyayo, ndege, miti, udongo, nyota, na namna ya kusaidia mutu aliyeumia mbali na hospitali. Anayetaka kuongoza watu kwa miguu kati ya tembo na simba anaandika ndani ya daftari saa zake zote za porini, na kila mara alipokutana na nyama mukali. Bila hizo saa, hapati cheo. Zimbabwe ni nguvu zaidi: mutihani wa kuandika juu ya sheria na juu ya nyama, kisha miaka ya kutembea nyuma ya gide mukubwa, kisha kupimwa bunduki, na mwisho mutihani wa porini. Wengi wanaanguka. Ni kazi ya kweli, haiko kazi ya kuonyesha kidole na kusema "tazama, tembo!"

Jambo linalotugusa zaidi ni hili. Mwaka 1994, kulekule Afrika ya Kusini, Louis Liebenberg alianza kupima wafuata-nyayo ndani ya pori lenyewe. Mupimaji anaonyesha unyayo juu ya mchanga, anauliza: huyu ni nani? Alikuwa anafanya nini? Anaelekea wapi? Anayejibu vizuri anapewa cheo, hata kama hajui kusoma wala kuandika. Liebenberg alitengeneza pia programu yenye picha kwa kifaa kidogo cha mkononi, ili mufuata-nyayo asiyejua kusoma aweze kuandikisha yale anayoona. Hivyo wawindaji Wasan wa Kalahari, ambao shule haikuwafikia, walipata karatasi ya ujuzi wao.

Sasa turudi kwetu. Hifadhi ya Okapi iliundwa mwaka 1992, na mwaka 1996 UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia. Mwaka mmoja kisha, ikaingia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ni pori la kilomita mraba karibu 13.700. Nani analijua? Haiko mimi, wala mukubwa wa ofisi. Ni Bambuti na Efe. Ni wao walikuwa wanakata majani ya kulisha okapi pale Epulu, na ni wao walikuwa wanapeleka wageni ndani ya pori. Okapi mwenyewe ni nyama wa kujificha; wanasayansi wa Ulaya walimupa jina mwaka 1901 tu, wakati babu wa Bambuti walikuwa wanamujua toka zamani.

Lakini siku kazi ya gide itatangazwa, mustari wa kwanza utaandika nini? "Diploma ya Leta." Na hapo Mumbuti atarudishwa nyuma, atembee mbele ya wageni kwa njia na nyuma ya wote kwa mushahara. Itakuwa kama muchimbaji na mwenye mizani, mara ya pili.

Na wewe muchimbaji, hii inakuangalia namna gani? Nitasema wazi. Kuchimba ndani ya Hifadhi kunakatazwa na sheria, na kila mutu anajua kama familia mingi zinakula pale. Kumufukuza baba wa watoto sita bila kumuonyesha kazi ingine ni kumuhamisha kutoka shimo moja kwenda shimo lingine. Lakini mushipa wa zahabu unakwisha, na mto uliochafuka kwa merkiri haurudi haraka. Okapi mwenye uzima anaweza kuonekana leo, mwaka kesho, na mwaka ule mungine.

Sitadanganya mutu kwamba utalii utachukua nafasi ya zahabu. Kazi zake ni chache. Kule Bwindi, Uganda, kundi moja la masokwe linatembelewa na watu 8 tu kwa siku, kwa saa moja. Lakini kila mugeni kutoka ng'ambo analipa dola 800 tangu Julai 2024, na dola 10 za kila ruhusa zinarudi kwa wakaaji wa jirani, pamoja na sehemu 20 kwa mia ya makuta ya muryango wa hifadhi. Nyuma ya gide kuna mufuata-nyayo, mubeba-mizigo, mupishi, dereva, na mama anayeuza chakula.

Na Bwindi haikuwa paradiso. Tarehe 1 Machi 1999, watu wenye silaha waliotoka upande wa Congo waliua watalii 8 na mukubwa mumoja wa hifadhi. Wengi walisema imekwisha. Lakini watu wenye kujua kazi walikuwa pale, na wageni waliporudi, waliwakuta tayari. Hatari nayo haikukwisha: Oktoba 2023, katika hifadhi ya Queen Elizabeth, watalii wawili waliuawa pamoja na gide wao, mwana-Uganda. Shimo linaua, pori pia linaua. Anayechagua achague akijua.

Naomba mambo matatu. La kwanza, ICCN na jimbo waweke mupimo wa porini, ule wa unyayo na swali, Bambuti wakiwa wa kwanza kupimwa na wa kwanza kukaa kati ya wapimaji. Kazi hii inaweza kuanza na watu wachache, mahali ambapo usalama unaruhusu. Haiombe hoteli wala ndege.

La pili, karatasi hiyo iandike cheo, na cheo kiandike mushahara. Cheti cha kutundika ukutani hakijaze chungu.

La tatu ni letu, wazazi. Makuta ya zahabu yakiingia, tunanunua pikipiki, tunanunua bati, na hiyo ni vizuri. Tuweke sehemu kidogo pembeni juu ya lugha. Mutoto aliyekulia Mambasa anajua mito na njia, lakini mugeni atamuuliza kwa Kifaransa ao kwa Kiingereza. Ng'ambo ya ziwa Albert, vijana wa Uganda wanasoma Kiingereza toka darasa la kwanza. Wakati amani itafika, watavuka, na hawatakuwa na kosa. Binti zetu pia wasomee. Nyayo haziulize kama anayezifuata ni mwanaume.

Zahabu ya Ituri ilitoka ardhini mbele watu wake wapate karatasi, na bado tunalipa deni lile. Okapi bado wako porini, na wazee wanaojua njia zao bado wako wazima. Kila muzee anayekufa bila kupimwa wala kufundisha, anazikwa na masomo ambayo hakuna shule ya Bunia inaweza kuyatoa.