Sauti yenye hairudie nyuma: siye watumikaji tunapata nini ndani?

Wandugu watumikaji, masikio ndiyo inakufa polepole ku kazi yetu, na haitoke damu. Mwenzetu mumoja alitoboa majiwe miaka mingi. Leo mutoto wake akimuita kwa nyuma, hageuke. Ndiyo sababu habari hii ya wanasiyansi inatuhusu.

Ku 2014, ku universite ya Texas kule Austin, Marekani, kikundi cha Andrea Alù kilitengeneza pete yenye milango tatu, na ndani wakatia vantilateri ndogo za kuzungusha hewa. Sauti ikiingia mulango wa kwanza, inatokea ku wa pili. Ukiiingizia ku wa pili, hairudie ku wa kwanza: inaenda ku wa tatu. Mwaka uliofuata, wengine walionyesha kwa hesabu kwamba ukipanga pete nyingi za namna ile, sauti itafuata pembeni tu, na ikikuta kona ao pahali palipovunjika, itazunguka na kuendelea.

Hesabu yenyewe inaitwa topolojia. Kikombe cha mukono na pete ni ndugu, sababu kila kimoja kiko na tundu moja. Ukivikunja namna gani, tundu haipotee mpaka uvunje. Wazo lilianzia ku umeme, na Thouless, Haldane na Kosterlitz walipata Nobel ya 2016 juu yake.

Sasa tushuke ku shimo. Mashini ya kutoboa inapita desibeli 100. NIOSH, ofisi ya serikali ya Marekani ya afya ya watumikaji, inasema desibeli 85 kwa saa 8, na kila 3 ikiongezeka unakata saa nusu. Basi ku 100 zinabakia dakika 15. Dakika 15, wandugu! Nani kati yetu anatokaka kisha dakika 15?

Ile pete inashika sauti ya namna moja tu, na kelele ya mashini iko na sauti za kila namna pamoja. Kwa hiyo ingali ya ku laboratware. Mukubwa akituambia tungoje teknolojia, tusikubali. Ku mukutano wenye kuja, delege aombe karatasi yenye kuonyesha desibeli za kila posti, na masikio ipimwe siku ya kuingia kazi na kila mwaka. Na bushoni za masikio zikuwe za kila mutu, hapana pakiti moja kwa ekipe muzima.